Usiku wa Ziwa Nyasa

Mtu akisema kwamba mji fulani una starehe za usiku, aghalabu msikilizaji huwaza taa za rangi, vinanda, vinywaji na watu wengi waliobanana mahali padogo. Mawazo hayo hayana kosa kwa Dar es Salaam wala kwa Nairobi. Lakini iko starehe nyingine ya usiku, isiyo na mlango wala kiingilio, ambayo humdai mtu kitu kimoja tu, nacho ni kukaa macho. Wajapani waijua. Mji wa Kyoto, uliokuwa makao ya wafalme wao tangu mwaka 794 mpaka karne ya 19, una vichochoro vya nyumba za mbao ambamo mgeni hutembea polepole chini ya taa za karatasi, akasikia mlango unaosukumwa kwa adabu na maji ya mto Kamo yanayopita karibu. Wageni waliupenda ukimya huo kupita kiasi. Waliujia kwa makundi makubwa hata wakautia kelele, na mwaka 2024 wenyeji wa mtaa wa Gion walipiga marufuku wageni kuingia katika vichochoro vyao vya binafsi.

Pwani ya Ziwa Nyasa upande wa Tanzania haijapatwa na dhiki ya namna hiyo. Wageni wake ni wachache, na wengi wao ni watu waliotoka milimani, mwendo wa saa chache tu. Mmoja wao alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Mbuji katika nchi ya Wamatengo, aliyefundisha hesabu na jiografia kwa miaka mingi katika shule za Mbinga. Alipostaafu alijenga nyumba katika kitongoji kidogo kusini ya Liuli, kwa kuwa mkewe alikuwa mtu wa huko. Habari zake zafaa kuandikwa kwa sababu aliupenda usiku wa ziwa kama watu wengine wapendavyo vitabu, na kwa sababu mapenzi yale yalikaribia kuwagharimu watu watatu maisha yao.

Katika Mbuji usiku si wakati wa kutembea. Nchi ile iko juu, hewa yake ni baridi, na katika miezi ya Juni na Julai baridi hiyo hupenya mifupani. Jua likishatua, moshi hutambaa juu ya mapaa na kila mlango hufungwa. Wamatengo walikuwa na desturi ya sengu, ambayo kwayo watu wa ukoo mmoja walikusanyika kwa mzee wao, wakala pamoja, na baada ya kula wakazungumza mambo ya shamba, ya ndoa na ya ugomvi. Mwalimu aliyakuta masalio ya desturi hiyo utotoni mwake. Starehe yake ya kwanza ya usiku ilikuwa kulala ubavuni pa babu yake, akajifanya amesinzia, akasikiliza mashauri ya watu wazima. Huko ndiko alikosikia kwamba ukimya wa milima ile haukuwa siku zote ukimya wa amani. Katika karne ya 19 mashambulio ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo juu zaidi, katika miteremko mikali, wakalima kwa mashimo ya ngoro ili mvua isiuchukue udongo. Babu alimsimulia kwamba siku zile moto ulifunikwa mapema, na mtoto aliyelia usiku alizibwa kinywa. Baadaye mwalimu alipenda kuwaambia wanafunzi wake kwamba babu zake walinyamaza kwa hofu, naye ananyamaza kwa anasa. Wanafunzi walicheka. Hakuona wakati ule kwamba maneno yake yalikuwa na upungufu.

Kutoka Mbinga njia hushuka kuelekea magharibi, ikaziacha baridi na kahawa nyuma yake, ikaingia katika joto, miembe na mihogo. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 470 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Umatengo hupita mita 1,500. Mtu hushuka zaidi ya kilomita nzima kwa wima, na masikio huziba njiani. Zamani safari hiyo ilikuwa adhabu wakati wa masika. Sasa lami imefika Mbamba Bay, makao makuu ya wilaya ya Nyasa, ambayo ilitengwa na wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Mwalimu alishuka mara ya kwanza akiwa kijana, juu ya magunia ya mahindi katika lori, akafika jioni. Jambo lililomshangaza halikuwa ukubwa wa maji, kwa maana alikuwa amekwisha kuambiwa. Lilikuwa jua. Alikuwa amezoea kuliona likipotea nyuma ya kilima wakati mchana ungali mweupe. Hapa lilishuka taratibu mpaka likagusa maji, na upande wa pili milima ya Malawi ikaonekana kidogo kama uzi mweusi, kisha haikuonekana tena.

Na baada ya giza kuingia zilitokea taa. Kwanza moja, kisha tatu, kisha hazikuhesabika, mbali juu ya maji, mahali ambapo kijana wa milimani alijua hapana nchi kavu. Alidhani ni mji. Alimwuliza mwanamke aliyekuwa akianua samaki, na mwanamke akamjibu bila kugeuka kwamba ni wavuvi wa usipa. Usipa ni dagaa wa ziwa lile, samaki mwembamba wa rangi ya fedha, mwenye tabia ya kuifuata nuru. Wavuvi hutoka usiku usio na mwezi, huwasha taa, husubiri kundi likusanyike, kisha huzungusha wavu. Siku zile walitumia karabai, nazo zilivuma kama nyuki. Leo wengi hutumia taa za betri zinazojazwa kwa nguvu ya jua, zisizo na sauti. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, kwa sababu nuru ya mbinguni huishinda ya kwao. Basi mwezi wa mtu wa ziwani una nusu mbili: nusu ya giza, ambayo ni ya kazi, na nusu ya mbalamwezi, ambayo ni ya ngoma, posa na maneno marefu.

Mwalimu alizipenda nusu zote mbili, lakini ile ya giza aliipenda zaidi. Alipohamia huko alikuwa na ratiba yake. Saa mbili usiku alikula ugali na samaki, akampa mkewe habari za mchana, akatoka na kigoda na shuka. Aliketi juu ya jabali lililokuwa karibu na maji. Hakuwa na redio wala simu mfukoni. Alisikia mawimbi madogo, mbwa wa jirani, kikohozi cha mzee mmoja aliyelala nje kwa ajili ya joto, mwanamke akipiga maji ndoo mbili akiimba kwa sauti ya chini. Watu walipita wakamwamkia: “Shikamoo, Mwalimu.” Akaitika, “Marahaba.” Aliyetaka kukaa alikaa, na asiyetaka alikwenda zake, wala hapana aliyeulizwa sababu. Kwa mtu aliyepigiwa kengele miaka thelathini na mitano, uhuru wa namna hii haukuwa jambo dogo.

Yapo mambo ya ziwa lile ambayo hutendeka usiku tu, na mwalimu, kwa kuwa alikuwa mtu wa jiografia, aliyafuatia. Kina chake kirefu kabisa hufika kiasi cha mita 700, na chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya kutosha kumlisha samaki. Katika vina vya giza huishi mchana viluwiluwi vya mdudu mdogo aitwaye kungu. Jua likitua hupanda juu kutafuta chakula. Kukipambazuka hushuka tena, wakikimbia vinywa vya samaki. Kila usiku, basi, umati usiokadirika husafiri mamia ya mita kwenda na kurudi, chini ya mitumbwi, bila mtu kusikia lolote. Wakati wao ukitimia hugeuka wadudu wenye mbawa, huondoka majini kwa wingi mno, na asubuhi mtu huona nguzo za moshi juu ya ziwa pasipo moto. David Livingstone, aliyelifikia ziwa mwaka 1859, aliandika habari za mawingu hayo na za mikate ambayo wenyeji waliyafanya kwa wadudu hao. Mwalimu aliuonja mkate huo mara moja. Alisema una ladha ya jambo ambalo mtu hataki kuliuliza.

Liuli kwenyewe alikwenda mara kwa mara, hasa siku za mbalamwezi. Mji ule ni mdogo, lakini una kumbukumbu nyingi kuliko ukubwa wake. Karibu na bandari lipo jiwe kubwa ambalo Wajerumani waliliona linafanana na sanamu ya Misri yenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, wakaiita bandari Sphinxhafen. Mwezi wa Agosti 1914 ilikuwapo hapo meli yao, Hermann von Wissmann, iliyoundwa kwa nia ya kupambana na biashara ya utumwa ziwani. Ilikuwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Manowari ya Waingereza, Guendolen, ikatokea, ikaipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, Berndt, alipanda mashua ndogo akaenda kumwuliza nahodha wa Kiingereza, Rhoades, kama amelewa, maana wawili hao walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja bandari zilipowakutanisha. Hakuwa na habari kwamba vita vimeanza huko Ulaya. Akachukuliwa mateka. Mwalimu alipoketi kuliangalia jiwe lile katika mwezi, hakuwaza mizinga. Aliwaza zile jioni zilizotangulia: wanaume wawili wa mataifa mawili, meza, chupa, ziwa mbele yao, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba ile ni jioni ya mwisho.

Liuli ndiko alikofariki pia William Percival Johnson, mwaka 1928, mmisionari wa Kianglikana aliyezunguka pwani za ziwa hili kwa miaka zaidi ya arobaini, na ambaye wazee bado humtaja kwa heshima. Mwenzake, Askofu Chauncy Maples, hakufika uzee. Alikufa maji mwezi wa Septemba 1895, mashua yake ilipopinduka usiku katika dhoruba. Meli ya misheni iliyoshushwa majini mwaka 1901 ikapewa jina lake. Mwalimu aliyajua mambo haya yote kwa tarehe. Lakini kuijua tarehe ya mtu aliyezama ni elimu moja, na kumngoja mtu aliye majini ni elimu nyingine.

Umeme wa gridi ulifika Songea mwaka 2018, na katika miaka iliyofuata nguzo zikashuka kuelekea ziwani. Ulipofika katika kitongoji, mwalimu alifurahi kama watu wote. Aliweza kusoma jioni bila kuumiza macho. Lakini mama mmoja mjane alifungua kilabu katika ncha ya rasi ndogo iliyofunika ghuba yao, akasimamisha mlingoti wenye taa kali, na chini ya taa akaweka vipaza sauti viwili. Muziki ulianza saa moja jioni, nao uliendelea hata saa nane za usiku, wateja wawepo wasiwepo. Mawimbi hayakusikika tena. Kikohozi cha mzee hakikusikika. Mwalimu alihamisha kigoda chake mara tatu, na mara tatu muziki ulimfuata.

Haki ilikuwa upande wake, au alidhani hivyo. Aliwaendea majirani, akakuta kwamba wengi wamechoka kama yeye: wenye watoto wachanga, wagonjwa, wanafunzi waliokuwa na mitihani. Katika mkutano wa kijiji alisema kwa ufasaha wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu. Alisema usiku ni mali ya wote, na mtu mmoja hawezi kuuza mali ya wote kwa faida yake. Ilikuwa hotuba nzuri. Wavuvi hawakuwapo, kwa sababu mkutano ulikuwa alasiri, nao walikuwa wamelala. Mama mwenye kilabu alisikiliza, akauliza kama ataruhusiwa kufungua hata saa nne, akakubaliwa, akaenda zake bila uchungu. Tangu siku ile ilipogonga saa nne alizima muziki, akazima na taa, kwa maana umeme hununuliwa kwa kipimo, na hapana mfanyabiashara awashaye taa kwa ajili ya viti vitupu. Nyumba nyingine nazo zilikuwa zimezima zamani kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu alirudi jabalini kwake. Mkewe peke yake hakumpongeza. Alisema tu, “Baba, watu wa milimani mwaipenda sana giza.” Naye alichukua maneno hayo kuwa mzaha.

Miezi mitatu ikapita. Ikaja nusu ya giza ya mwezi wa Julai, majira ya upepo wa kusi, ambao watu wengi wa ziwa huuita mwera. Upepo huo waweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, nao huamsha mawimbi ambayo mtu wa bahari hangeyadharau. Jioni ile ziwa lilikuwa shwari, na mitumbwi ikatoka. Upepo ulianza karibu na saa sita za usiku. Mwalimu, ambaye alikuwa nje, aliuona kwanza katika taa: zilianza kupanda na kushuka, kisha zikaanza kutawanyika, kisha mawingu yakafunika nyota na taa zikapungua moja baada ya moja. Kwa muda, na jambo hili alilikiri mwenyewe baadaye kwa haya kubwa, aliona ni mandhari nzuri.

Alipogeuka aliwakuta wanawake wamesimama nyuma yake. Hawakuwa wakilia wala kuzungumza. Walikuwa kumi na zaidi, wamejifunga khanga vichwani, na mkewe alikuwa kati yao, kwa kuwa mdogo wake alikuwa majini. Mwalimu alikuwa amekaa miaka miwili katika ukimya wa mahali pale akidhani anaufahamu, na sasa akasikia ukimya mwingine kabisa, ambao babu yake angeutambua mara moja.

Mitumbwi mingi iliingia kwa taabu kabla ya mapambazuko. Mmoja haukuingia. Ulikuwa na watu watatu, na shemeji yake mmoja wao. Walirudi saa tano ya asubuhi, kwa miguu, kutoka pwani ya kaskazini, ambako mawimbi yaliwatupa baada ya mtumbwi kupasuka mwambani. Mmoja alikuwa amevunjika mkono. Wavu umepotea, na wavu ni mali ya miaka. Simu walikuwa nayo moja, nayo ililowa mapema. Mwalimu alimwendea shemeji yake jioni, akakaa naye muda mrefu, wakazungumza habari za mkono wa yule mwenzao na bei ya nyuzi. Hatimaye aliuliza iliwezekanaje watu waliozaliwa pale wasiione ghuba yao.

“Tulifika karibu, Mwalimu,” alisema yule shemeji. “Tulijua tu karibu, maana tulinusa moshi. Lakini upande gani lilipo jabali na upande gani ulipo mlango, hatukuweza kusema. Tukaogopa, tukarudi nje, na huko nje upepo ukatuchukua.”

“Na zamani, kabla ya umeme, mlifanyaje?”

“Zamani wazee waliwasha moto pale penye rasi. Taa ya kilabu ilipokuja tukauacha moto.” Akanyamaza kidogo. “Muziki ule, Mwalimu, sisi hatukuupenda. Lakini tulikuwa tukirudi nao.”

Hakusema kwa lawama. Pengine lawama ingalikuwa nyepesi zaidi kwa aliyeisikia. Mwalimu alikwenda nyumbani, na usiku ule hakutoka nje. Kwa hakika hapana mtu aliyemshitaki: mkutano ulikuwa wa halali, uamuzi ulikuwa wa wote, na hotuba ilikuwa na hoja za kweli. Watoto wachanga walikuwa wakilala vizuri. Hata leo wako watu katika kitongoji kile wasemao kwamba wavuvi ndio waliokosa, kwa kuwa waliuacha moto wao wakategemea taa ya mtu mwingine bila kumwambia. Hoja hiyo ina nguvu. Mwalimu hakuitumia kamwe.

Siku ya tatu alimwendea mama mwenye kilabu, akaomba radhi, akataka taa iwake usiku kucha katika nusu za giza, naye atalipa umeme. Mama yule alikuwa mtu wa hesabu kuliko mwalimu wa hesabu. Alimwambia kwamba pensheni ya mtu mmoja si mpango. Mtu hufa, na taa ikafa naye. Wakakubaliana kwamba kila mtumbwi utoe kopo moja la usipa kwa juma, auze yeye pamoja na vinywaji, na fedha inunue umeme wa mlingoti. Wazee walidai zaidi ya hapo kuni ziwekwe tayari katika rasi, maana umeme hukatika, tena hukatika hasa wakati wa upepo. Mwalimu akachukua kazi ya kuni.

Bado huketi nje saa tatu za usiku. Kigoda kimehama kutoka jabalini hadi kwenye rasi, karibu na rundo la kuni, ambako nuru ya mlingoti humwharibia nyota nyingi. Mawimbi huyasikia vizuri. Taa za ziwani huziona kama zamani, ila sasa huzihesabu zinapotoka na kuzihesabu zinaporudi, na akikosea hesabu huanza tena. Kuhusu muziki, mama mwenye kilabu huupiga Jumamosi peke yake, mpaka saa nne. Mkewe husema kwamba zimo nyimbo mbili tatu ambazo mwalimu, akidhani haonekani, huzipigia mguu.